Baraka ya Gari la Mwanzia

Juzi nilipasua blanketi kuukuu ili nipate matambara. Lilikuwa blanketi la kijivu lenye mistari miwili myekundu, lile ambalo mtu yeyote wa rika langu aliyelelewa milimani Kilungu atalikumbuka, kwa sababu kila nyanya alikuwa na lake. Mimi nilipewa langu nikiwa na miaka tisa. Nilipolivuta lilitoa vumbi na harufu ya moshi wa zamani, nikaketi nalo mapajani bila kuendelea na kazi. Siku niliyopewa blanketi hilo ndiyo siku kaka yangu alipewa gari.

Nieleze kwanza habari ya jina. Mimi ni Ndunge, na Ndunge alikuwa mama yake baba. Alifariki miezi michache kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, amekuwa mtu huyo, wala si mchezo. Baba mdogo Kioko, mdogo wake baba, alinihesabu kuwa mama yake tangu nikiwa mgongoni. Alikuwa mpishi wa Wazungu huko Nairobi. Kila alipokuja nyumbani alivua kofia akiwa bado langoni, akanijia mimi kabla ya kumsalimu mtu mwingine yeyote.

"Mwaitu, umeshindaje? Magoti hayakusumbui?"

Mwaitu ni mama. Magoti yalikuwa ya nyanya. Nilikuwa nimefundishwa kujibu, "Yana nafuu, mwanangu," na watu wazima walicheka hadi wakajifuta macho. Mimi niliangalia vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa mtoto wa haya, na sauti yangu haikupita ukumbi.

Zawadi zake pia zilikuwa za nyanya. Aliniletea kitambaa cha kichwa, majani ya chai, na mwaka mmoja chupa ya dawa ya kuchua. Mama alizipokea kwa niaba yangu, akazitumia.

Kaka yangu Mwanzia alinizidi miaka mitatu. Jina lake halikuwa la mtu. Mama alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda zahanati, akajifungulia kando ya njia, kwa hivyo mtoto akaitwa Mwanzia, yaani wa njia. Hakuna aliyemvulia kofia. Lakini mimi sikulifikiria hilo wakati huo. Nilichokiona ni kwamba yeye alikuwa mvulana, ana manati, na anaruhusiwa kwenda mtoni bila mtungi.

Basi wale Wazungu wa baba mdogo walirudi kwao, na vitu vya mtoto wao vikabaki. Baba mdogo akaja na mizigo miwili iliyofungwa kwa magazeti. Alifungua wa kwanza, akanifunika mabegani. "Hili ni la Mwaitu, baridi ya huku isimuumize." Kisha akamsukumia Mwanzia mzigo wa pili kwa mguu. "Na hicho chukua wewe."

Ndani mlikuwa na gari. Lilikuwa la manjano, ukubwa wake kama kuku aliyelalia mayai, magurudumu yake manene yenye meno, na tumbo lake juu sana kutoka ardhini. Lilikuja na rimoti yenye waya mrefu wa chuma wa kuvuta na vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba. Baba mdogo alisukuma kimoja, na gari likaondoka peke yake, likavuka ua, kuku wakapiga kelele.

Mimi nilikaa kwenye kigoda changu na blanketi langu, nikingoja. Niliamini amechanganya mizigo. Ilikuwa wazi kwangu: mimi ndiye mama yake, na hakuna mtu anayemletea mama yake kitu kidogo kuliko anachomletea mtoto wa njia. Nilingoja agundue. Nilingoja hadi alipokunywa chai, hadi alipoomba maji ya kunawa, hadi alipovaa kofia na kuaga. Aliponipa mkono wa kwaheri nilimtazama usoni, jambo ambalo sikuwa nafanya, ili nimpe nafasi ya mwisho. Akasema, "Mwaitu, ujifunike."

Ninyi mliokuwa na wivu utotoni mnajua ulivyo. Wangu ulikuwa kama mwiba wa mgunga uliovunjikia kisiginoni. Ukikaa umeusahau, ukikanyaga umeukumbuka. Na katika ua wetu nilikuwa nakanyaga kila siku.

Gari lile halikutengenezwa kwa Kilungu. Kwenye ua uliofagiliwa lilikimbia vizuri, lakini kwetu hakuna mahali pengine tambarare. Kuna matuta ya shamba, na kuna njia ya kutoka mtoni kuja nyumbani, ambayo imesimama kama ngazi. Mwanzia alipolipeleka kwenye njia ile, lilipanda hatua tatu, likainua pua, likaanguka chali kama mbawakawa, magurudumu yakizunguka hewani.

Kimeu, jirani yetu, alikuwa pale na gari lake la waya. Alikuwa na mdomo huyo.

"Gari la Wazungu linalala!" akasema. "Limelewa. Lipe maji, Mwanzia, lipe uji!"

"Ngoja tu," akasema Mwanzia. "Baba mdogo akirudi Krismasi litakuwa linapanda kutoka mtoni hadi mlangoni bila kusimama."

Muhula huo wote alilifanyia kazi. Alichukua tyubu ya baiskeli iliyotupwa, akaikata vipande vyembamba, akaichonga meno kwa wembe, akayavisha magurudumu ya nyuma ili yaume udongo. Ndani ya tairi alijaza sponji ya godoro, kwa sababu zilikuwa zinabonyea zikipita kwenye mawe. Springi za mbele zilikuwa laini mno, pua ikizama kila mara, basi akakata viduara kutoka kwenye patipati kuukuu akavipachika chini yake. Magurudumu ya mbele yalivuta kushoto, na chini ya tumbo akagundua kijiti kidogo cha kuyanyoosha. Alikigeuza kwa ncha ya kisu, akajaribu, akageuza tena, siku nzima. Ekseli alizipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe.

Nguvu ilitoka kwenye mawe manne ya redio. Mawe ndivyo tulivyoziita betri zile kubwa. Betri ya asili ya gari ilikuwa imekufa, kwa hivyo baba mdogo alikuwa amefunga kisanduku cha mawe nyuma yake. Mama aliiwasha redio kwa matangazo ya vifo na ibada ya Jumapili tu. Mchana alimruhusu Mwanzia kuyatoa, na yakichoka tuliyaanika kwenye bati ili jua liyaamshe.

Mimi nilikuwa mshika kopo. Kopo la misumari midogo, yaani. Mwanzia alikuwa na maneno mawili kwangu: "Shika" na "Usiguse."

Pamoja na kazi yote hiyo, gari liliendelea kuanguka chali. Sasa lilipanda hatua sita badala ya tatu, lakini lilianguka. Mwanzia aliongeza meno ya tairi. Likaanguka. Akakaza springi za nyuma. Likaanguka vibaya zaidi.

Mimi nilijua kwa nini. Nilijua kwa shingo yangu. Tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa nateka maji mtoni na kupanda njia ile ile, mtungi mgongoni, mukwa kwenye paji la uso. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu wote walibebea. Ukisimama wima kwenye mlima ule, maji yanakuvuta nyuma na unaketi. Lazima uiname hadi uone vidole vyako. Mwanzia hakuwahi kubeba kwa mukwa. Wavulana walibeba kwa punda au hawakubeba.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilitaka nilifanye mwenyewe. Lakini kumwona akikosa na mimi najua kulinichosha, na siku ya nne likanitoka.

"Mzigo uko mgongoni," nikasema.

"Nini?"

"Mawe. Umeyaweka mgongoni na halijui kuinama. Yaweke mbele. Chini, karibu na tumbo."

Aliligeuza gari, akakiangalia kisanduku. Kisha akafungua kisanduku, akarefusha nyaya mbili kwa vipande vingine, akazisokota kwenye viungo na kuzifunika kwa plasta ya kidonda, akayafunga mawe mbele, chini, kwa raba za tyubu. Tukaenda kwenye njia.

Likapanda. Halikuinua pua hata kidogo. Lilitambaa juu ya mawe likiwa limeinama kama mama anayerudi mtoni, likipita hatua ya sita, ya kumi, kona ya mkonge, hadi Mwanzia akalisimamisha kwa hofu tu. Aliruka. Alinishika mabega akanitikisa, na kwa muda huo mfupi nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Jumamosi wavulana walikuja kuona. Kimeu hakuwa na la kutukana, akauliza, "Ulifanyaje?"

"Ni mzigo," akasema Mwanzia. "Nilifikiri, nikaona uzito uko nyuma. Nikauleta mbele."

Nilifikiri, nikaona. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kopo langu.

"Nipe niendeshe kidogo," nikasema.

"Hapana."

"Mara moja tu."

"Wewe ni nyanya," akasema, na tayari wavulana walikuwa wanacheka. "Nyanya haendeshi gari. Nenda ujifunike blanketi, Mwaitu, magoti yatakuuma."

Sijui maneno yafuatayo yalitoka wapi. Nilisema kwa sauti yangu ndogo ile ile, lakini kila mtu aliyasikia.

"Mimi ni mama wa aliyelileta. Nimesema halitapanda."

Kicheko kilikatika. Kimeu alirudi nyuma hatua moja. "Huyo ametoa kiumo," akasema. Kiumo ni laana ya mzazi, na kwetu hata mtu wa kanisa haipuuzi. Mwanzia alibadilika rangi, lakini wavulana walikuwa wanamtazama, basi akasukuma kijiti.

Gari likapanda vizuri kabisa. Likafika hadi kona ya mkonge na zaidi.

Wavulana walinicheka hadi nikafika nyumbani. Na hapo ndipo wivu wangu ulipobadilika ukawa kitu kingine. Nisingeweza kuwa na gari. Sawa. Lakini jina nilikuwa nalo, na sasa walikuwa wamelicheka pia. Kesho yake mchana, Mwanzia akiwa ametoka na mbuzi, nilichukua gari kwenye ghala, nikatoa ile plasta chini ya tumbo na kukiachanisha kiungo kimoja cha waya. Ncha nilizilaza sambamba bila kugusana ili mtu asione, nikaibandika plasta kama ilivyokuwa. Haki, sikutaka kuliharibu. Nilitaka neno langu liwe kweli.

Likawa kweli. Gari halikusogea. Mwanzia alibadilisha mawe, akayaanika, akayauma kwa meno. Taa nyekundu ya rimoti, ambayo ilikuwa na betri yake ndogo, iliwaka kama kawaida, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Rimoti inaita, gari halisikii.

Siku ya tatu alinijia nikifua.

"Ndunge. Ondoa."

"Siwezi kuondoa."

"Nitakupa manati."

"Sitaki manati."

"Unataka nini?"

Alijua ninachotaka. Mimi pia nilijua kwamba anajua. Hakukitaja, nami sikukitaja, nikaendelea kufua. Nitasema ukweli: siku hizo zilikuwa tamu. Alikuwa ananipita kwa pembeni kama mtu anayepita mbele ya ng'ombe mwenye pembe.

Krismasi ikaja, na baba mdogo akaja. Alivua kofia, akauliza magoti, akamtupia Mwanzia mfuko wake aubebe, kisha akauliza, "Gari liko wapi? Niliambiwa linapanda mlima."

"Mwaitu alilitolea kiumo," akasema Mwanzia, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, mvulana wa miaka kumi na miwili.

Nilidhani baba mdogo atacheka. Alianza kucheka, kisha akaacha. Akageuza kofia mikononi mwake.

Mama akasema, "Kioko, hawa ni watoto. Na sisi ni watu wa kanisa."

"Shemeji, mimi pia ni wa kanisa. Lakini mdomo huo ni wa nani?"

Mama akaenda kuleta kigoda.

Yaliyofuata yalifanywa kama yanavyofanywa kwa mzee. Nililetewa kigoda. Nililetewa maji safi kwenye kibuyu kidogo. Gari liliwekwa miguuni pangu, pale njia ya mtoni inapoishia, na baba mdogo akachuchumaa mbele yangu kichwa wazi. Kimeu na wengine walisimama kwenye tuta.

"Mwaitu, kama tulikukosea, sema. Kisha utuondolee."

Mzee akibariki hunywa maji kidogo akayapuliza juu ya kitu au mtu. Nilikuwa nimeona mara nyingi. Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo hakuna wa kunikataza kitu.

"Nataka kushika ile," nikasema, nikaonyesha rimoti.

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. "Mpe nyanyako," akamwambia Mwanzia.

Mwanzia akanipa kwa mikono miwili.

Niliinama juu ya gari kama ninayeliombea. Mkono mmoja nikaupitisha chini ya tumbo, nikapapasa plasta, nikasokota zile ncha mbili zikashikana. Kisha nikajaza maji mdomoni. Nilipuliza mara ya kwanza kidogo. Ilipendeza. Watu walikuwa kimya wote, kwa ajili yangu. Mara ya pili nikapuliza zaidi. Mara ya tatu nilijaza mashavu hadi yakauma, nikapuliza kama fundi wa nguo anayelowesha suruali kabla ya kuipiga pasi. Maji yalitiririka kwenye boneti, yakaingia kila tundu.

Tulibeba gari hadi mtoni. Nikasimama chini na rimoti yangu, nikasukuma kijiti.

Likaondoka! Wavulana walipiga kelele, baba mdogo akarusha kofia. Nililipandisha polepole, nikilipitisha kati ya mawe, nikilizungusha pale ambapo Mwanzia siku zote aliligonga, kwa sababu njia ile niliijua kwa nyayo. Kila kidole changu kiliposogea, kitu kule juu kilitii. Hatua ya sita. Ya kumi. Sijawahi kuwa mkubwa hivyo tena.

Penye kona ya mkonge nilisukuma kulia na likaendelea moja kwa moja. Nikarudisha kijiti. Halikusimama. Lilikimbia kwa nguvu zote, likajigonga kwenye jiwe la tuta, magurudumu yakaendelea kuzunguka na kuchimba, na moshi mwembamba ukatoka chini ya boneti. Kisha likanyamaza.

Baba mdogo alipanda, akaliangalia, akavaa kofia yake. "Mwaitu amekataa," akasema taratibu, bila hasira, kama mtu anayepokea jibu. Watu wakatawanyika. Hakuna aliyenilaumu. Mzee halaumiwi kwa kukataa.

Mwanzia alilibeba hadi nyuma ya ghala. Nilimfuata kwa mbali. Alilifungua kwa bisibisi yake ya msumari, akamwaga maji, akaangalia ndani ambapo palikuwa peusi. Kisha akaligeuza, akabandua plasta chini ya tumbo, na mikono yake ikasimama. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Nyaya zake zote zilisokotwa upande mmoja, na hiyo moja ilisokotwa upande mwingine.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Nilingoja kipigo. Hakunyanyuka.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuletea wewe," nikasema. "Mimi ndiye mama yake na alikuletea wewe."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya mbali.

"Ndunge, baba mdogo hajawahi kuniita jina. Umewahi kumsikia? Akifika ananipa mfuko nibebe. Anakuvulia wewe kofia, anakuuliza magoti. Mwaitu, Mwaitu, Mwaitu, ua mzima. Hili aliokota kwa Wazungu, akanisukumia kwa mguu." Akajifuta pua kwa mkono wenye mafuta. "Mimi nilikuwa na gari tu."

Alinyoosha mkono.

"Lete rimoti."

Bado nilikuwa nayo. Sikuwa nimeiachilia tangu mtoni. Haikuwa na kitu tena cha kuendesha, na kaka yangu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mkono wake wazi mbele yangu. Nilimpa. Lakini nilichelewa kidogo, na aliona kwamba nimechelewa.